Kibali cha lipu tunapewa, chokaa tutaipata wapi?

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumze na wenzangu wenye nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, na wenye dhamana ya kuzilinda, kuhusu chokaa.

Mimi ni fundi wa nyumba za mawe. Nimezaliwa Malindi, nina miaka 67, na kazi hii nimefundishwa na ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nilianza na kuchota maji na kuchekecha mchanga. Mwiko sikupewa mpaka mwaka wa tatu. Tangu hapo nimeingia nyumba za Kiponda, Hurumzi, Sokomuhogo, Mkunazini na Shangani, za matajiri na za wanyonge, na nyingi nimezijua kwa ndani kuliko wanaolala humo.

Kilichonisukuma kuandika ni nyumba moja ya Kiponda. Mwaka jana, kama wiki tatu kabla ya masika, niliitwa na bibi mmoja mjane anayekaa ghorofa ya kwanza pamoja na wajukuu wake. Aliniambia, "Fundi, njoo unitazamie ukuta wa chumba cha watoto, naona kama umeshiba." Kweli ulikuwa umeshiba, umetoa tumbo. Nilishusha timazi, ule uzi wenye uzito wa kupimia ukuta, kutoka darini, uzi ukagusa ukuta katikati na kuning'inia mbali nao chini, upana wa kiganja. Kwa nje ukuta ule ulikuwa mzuri kupita majirani wote. Ulikuwa mweupe, laini, umenyooka kwenye kona, hauna hata ufa. Miaka michache nyuma mtoto wake mmoja aliye ng'ambo alituma pesa nyumba ipendezeshwe kwa ajili ya harusi, akatafutwa kontrakta, akapiga lipu ya saruji kutoka msingini hadi juu.

Nikagonga kwa kitako cha nyundo. Ukuta wa mawe na chokaa ukiugonga hujibu kwa sauti nzito, fupi. Huu ulilia kama ngoma. Nikamwambia, "Bi Mkubwa, watoto wasilale humu leo."

Tulipoibandua ile lipu ilitoka mapande mapande, makubwa kama sinia. Nyuma yake mlikuwa na maji. Sisemi unyevunyevu, nasema maji: ule udongo mwekundu unaoshika mawe ulikuwa umelainika kama uji, ukiuchota kwa kidole unakuja. Juu yake chumvi imefanya ukungu mweupe kama pamba. Nikapanda hadi kwenye vichwa vya boriti, pale zinapoingia ukutani. Boriti ya mkoko, Mhariri, ni mti mgumu. Nimewahi kutoa boriti yenye zaidi ya miaka mia, ukiikata msumeno unapiga kelele na ndani ni nyekundu kama jana. Ya chumba kile niliiminya kwa vidole viwili, ikamong'onyoka ikawa vumbi jeusi mkononi mwangu. Boriti kumi na moja za chumba kile, saba zilikuwa hivyo. Zilikuwa zimebakia juu kwa mazoea tu, na watoto wanne walikuwa wakilala chini yake.

Naomba wasomaji wasio mafundi wanivumilie nieleze kwa nini.

Kuta zetu hazikujengwa kwa tofali. Ni mawe ya matumbawe, yaliyopangwa kwa udongo mwekundu na chokaa, unene wake mara nyingi kama urefu wa mkono mzima wa mtu. Jiwe la matumbawe lina vitundu kama sponji. Linanywa maji ya mvua, linanywa maji ya ardhini, linanywa upepo wa bahari na chumvi yake. Wazee walilijua hilo, ndiyo maana wakaivika nyumba kwa chokaa, kwa sababu chokaa nayo ina pumzi. Kinachoingia wakati wa masika kinatoka wakati wa kaskazi, jua likiupiga ukuta. Lipu ya chokaa huchakaa, inabanduka, unapaka tena. Ni nguo ya ukuta, na nguo huvaliwa, ikachakaa, ikabadilishwa. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipitishi pumzi. Maji bado yanaingia, kwa juu kwenye paa, kwa chini kwenye msingi, kwa pembeni kwenye bomba la choo, lakini njia ya kutoka imezibwa. Yanashuka ndani kwa ndani, yanausomba udongo, mawe yanabaki hayana kinachoyashika, ukuta unatoa tumbo. Na kwa kuwa uso ni mweupe na umenyooka, hakuna anayejua.

Boriti ndiyo iliyopima nyumba hizi. Chumba cha Mji Mkongwe ni kirefu lakini ni chembamba, upana wake kama mita tatu hivi, kwa sababu huo ndio urefu wa boriti ya mkoko inayoweza kubeba sakafu ya mawe na chokaa bila ya kupinda. Basi boriti ikioza kichwa, chumba kizima kimeondokewa na kipimo chake.

Sheria tunayo, na mimi ni mmoja wa wanaoiunga mkono. Mamlaka ya mji wetu iko tangu mwaka 1985. Mwaka 1994 ulitoka mpango wa uhifadhi, baada ya watu kupita nyumba kwa nyumba na kuziandika, nyumba zaidi ya 1,700. Mwaka 2000 UNESCO ikautia Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2010 sheria ya hifadhi ikafanywa upya. Leo mtu akitaka kung'oa mlango wa nakshi, kuongeza ghorofa, kuziba dirisha au kubomoa roshani, anajua kuwa anahitaji kibali, na majirani nao wanajua, watamuuliza. Hilo si jambo dogo. Nayakumbuka miaka ya 1970 na 1980, nyumba zilivyokuwa zikianguka masika baada ya masika na milango ikiuzwa kama kuni za thamani. Bila ya sheria, sehemu kubwa ya tunachowaonesha wageni leo ingekuwa viwanja vya kuegesha gari.

Lakini macho yetu sote, raia na wakaguzi, yamezoea kutazama kile kinachoonekana kutoka njiani: mlango, dirisha, roshani, rangi, kimo. Ukuta unaumwa ndani. Miongozo ya uhifadhi inataka nyumba za zamani zitengenezwe kwa vifaa vyake vya asili, na mwenye nyumba akiomba kupiga lipu ataambiwa atumie chokaa. Anatoka na karatasi yake mkononi. Sasa aende wapi?

Saruji iko kila duka la vifaa, kutoka Darajani hadi Mwanakwerekwe. Unanunua asubuhi, fundi anachanganya saa nne, jioni ukuta umekauka, kesho rangi. Chokaa nzuri unaitafuta kama dawa. Lazima umjue mtu shamba anayechoma mawe kuwa chokaa, umwagizie, ulipe gari, kisha uizime kwa maji na kuisubiri. Chokaa ninayotumia mimi haiguswi kabla ya miezi mitatu shimoni, na ami yangu angenicheka kwa hiyo mitatu, yeye alikuwa hagusi chini ya mwaka. Mwenye nyumba ambaye paa linavuja leo na mvua iko wiki ijayo, utamwambia nini? Wengi waliopiga saruji kuta zao hawakuvunja sheria kwa ukaidi. Walikosa kitu sheria inachowataka wakitumie.

Na mafundi tumekwisha. Wakati wa ukarabati wa ile zahanati ya zamani ya tajiri Tharia Topan pale Mizingani, Malindi, miaka ya 1990, vijana wengi walijifunza upya kazi ya chokaa na ya mbao. Lilipokarabatiwa Kanisa la Mkunazini, kazi iliyomalizika mwaka 2016, vijana wengine wakapata mkono. Kazi kubwa zikija, elimu inakuja nazo, kisha zikiisha vijana wanatawanyika. Mmoja niliyemfundisha mimi mwenyewe kupanga mawe sasa anajenga kwa matofali ya saruji huko Fuoni. Simlaumu, ana watoto. Nyumba za chokaa zinampa kazi mwezi mmoja kati ya mitano.

Kuna mambo mengine mawili ambayo hayahitaji fedha nyingi, yanahitaji kuambiana tu, nami nayasema hapa kwa sababu nayakuta kila wiki.

La kwanza ni matangi ya maji. Shida ya maji tunaijua, na kila nyumba imepandisha tangi la plastiki juu ya paa. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima. Nimeona matangi matatu yamepangwa katikati ya chumba, juu ya boriti zilizowekwa kabla ya babu yangu kuzaliwa. Mwenye nyumba akishindwa kulishusha, basi walau alisogeze hadi pembeni, juu ya ukuta mnene, siyo katikati ya dari. La pili ni maji ya viyoyozi. Kile kijipira kinachotoka nje ya dirisha na kudondosha tone moja moja ukutani, usiku kucha, miezi yote, hakuna anayekitilia maanani. Nenda Shangani ukatazame kuta chini ya viyoyozi, utaona alama ya kijani inashuka kama ulimi. Hiyo ni mvua isiyokuwa na kiangazi. Kipande cha bomba cha kuyapeleka maji hayo hadi chini hakizidi bei ya chakula cha mchana.

Siku ile ya Ijumaa, tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, Jumba la Maajabu, ilipoporomoka na watu wawili kupoteza maisha, nilikwenda Forodhani nikasimama pamoja na watu wengine mbele ya ule mrundo. Jumba la Sultani Sayyid Barghash, la mwaka 1883, nguzo zake za chuma kutoka Ulaya, jumba ambalo kila mtoto wa mji huu amepiga picha mbele yake. Watu walikuwa wakilia. Mimi nilikuwa nikitazama kuta zilizokatika, maana mara chache fundi anaoneshwa ndani ya ukuta kwa ukubwa ule: mawe, udongo, chokaa, mawe. Vile vile kama Kiponda. Vile vile kama nyumba niliyozaliwa. Nilirudi nyumbani nikapita uchochoroni nikizitazama nyumba za watu wa kawaida, ambazo zikianguka hakuna atakayetuma kamera, na chini yake kuna duka la viungo, na juu yake kuna mtu anaanika nguo.

Ninachoomba ni kitu cha kiasi, na nakiomba kwa adabu. Mwanzo, liwepo shimo la chokaa la mji. Nasema shimo, kwa sababu ndivyo lilivyo. Lichimbwe mahali pamoja penye njia ya gari, chokaa iletwe kutoka kwa wachomaji, izimwe kwa wingi, ikae mpaka ipevuke, kisha iuzwe kwa ndoo kwa bei ya gharama kwa kila mwenye kibali cha matengenezo. Mtu apewe kibali na aoneshwe shimo siku hiyo hiyo. Wachomaji wa shamba wakijua kuna mnunuzi wa hakika, wataendelea kuchoma. Sasa hivi wanaacha mmoja baada ya mwingine.

Najua nitaambiwa habari ya miti. Ni kweli, tanuu la chokaa linakula kuni. Magogo yanapangwa duara, mawe ya matumbawe yanawekwa juu, moto unakaa siku kadhaa. Kisiwa chetu ni kidogo na misitu yetu inahesabika, sitaki mtu akate mkoko au msitu kwa ajili ya lipu. Wazee walichoma kwa minazi iliyokwisha kuzaa, na mnazi mzee ukitazama upande wowote wa mashamba yetu utauona, umesimama hauna faida tena kwa mwenyewe. Kibali cha kuchoma kifungwe na gogo la mnazi mzee, na mawe yachukuliwe ya nchi kavu, yasiguswe ya baharini. Na tukumbuke kwamba kiwanda cha saruji nacho kina moto wake, mkali kuliko wa tanuu letu, ila uko mbali hatuuoni.

Jambo la pili, kabla ya kila masika, fundi mmoja na mkaguzi mmoja wapite paa kwa paa, mtaa kwa mtaa. Hawana haja ya mashine. Ngazi, nyundo, timazi na daftari. Watazame milizamu iliyoziba, mabati yaliyotoboka, miche iliyoota ukutani kutokana na mbegu za ndege, wamwambie mwenye nyumba: hapa tia kipande cha bati sasa, hapa ng'oa huu mche ungali mdogo. Mche niliowahi kuung'oa Hurumzi ulikuwa na shina nene kama kifundo cha mkono, na mizizi yake ilikuwa imepita ukuta mzima na kutokea chumbani, nyuma ya kabati. Mwenyewe alidhani ni waya wa umeme wa zamani. Nyumba nyingi ninazoitwa zikiwa tayari zimetoa tumbo, miaka mitano nyuma zilihitaji bati moja.

Na wapangaji nao wasisahauliwe. Nyumba nyingi za mji huu ni za wakfu, nyingi ni za serikali, nyingine zina warithi ishirini waliotawanyika kutoka Muscat hadi Toronto na hakuna hata mmoja anayejua nani atie mkono mfukoni. Anayelala chini ya boriti ni mpangaji, na mara nyingi ndiye anayeogopa kusema, akidhani akisema ukuta mbovu ataambiwa ahame. Yule bibi wa Kiponda alinyamaza mwaka mzima kwa hofu hiyo. Iwepo njia ya mtu kuripoti ukuta bila ya kuhofia makazi yake.

Ile nyumba tuliitengeneza. Tulisimamisha nguzo za mbao chini ya dari, tukatoa boriti saba mbovu moja baada ya nyingine, tukatia nyengine. Ukuta tuliuacha uchi miezi mitatu. Majirani walikuwa wakipita wanauliza fundi amekimbia na pesa au vipi. Nilikuwa nasubiri ukuta ukauke. Kila asubuhi nilikwenda kuweka kiganja juu ya mawe, kama unavyomshika mtoto mwenye homa, na siku nilipoukuta mkavu hadi msingini ndipo tukaanza kupiga chokaa, safu tatu nyembamba, kila moja na siku zake. Wajukuu wa yule bibi walitusaidia kurusha maji jioni ili isikauke haraka ikapasuka. Mmoja wao, wa darasa la tano, aliniuliza kwa nini ukuta unapewa maji wakati tulisubiri miezi yote hiyo utoe maji. Nikamweleza, akafahamu mara moja. Siku mbili baadaye nikamsikia anawaeleza wenzake wa skuli barazani, kwa maneno mazuri kuliko yangu.

Masika yamepita. Nilikwenda tena mwezi uliopita na timazi yangu, uzi umeshuka sawa.

Nyuma ya nyumba yangu nina shimo dogo. Chokaa iliyomo niliizima mwezi wa Shaaban na sasa imekuwa laini kama siagi. Haitoshi mji, inatosha kuta mbili tatu. Kijana yeyote anayetaka kujifunza namna ya kuizima, au mwenye nyumba mwenye ukuta unaolia kama ngoma, aulize barazani Malindi fundi wa chokaa anakaa wapi, ataoneshwa. Aje na ndoo.

Wako,
Fundi wa chokaa,
Malindi, Zanzibar